Mashine Uliyoiacha Ikicheza

Kaka Amani,

Nakuandikia nikiwa chumbani kwako hapa nyumbani, Doonside, kwenye kiti chako. Mama yuko jikoni anapika maharage. Sijamwambia ninafanya nini.

Tangu uondoke, watu wa kanisani wananiuliza zile kompyuta zako zilikuwa za nini. Kazi yako ya ufundi pale shuleni wanaijua. Hii nyingine inawashinda. Nawaeleza kama ulivyonieleza mimi: kwamba duniani kuna watu wanaotengeneza programu za kucheza sataranji, nawe ulikuwa unazipima mwisho wa mchezo, pale kete zinapobaki chache ubaoni na kosa moja linaharibu kila kitu. Wananiitikia kwa heshima, kisha wanauliza habari za Mama.

Unakumbuka zile Jumamosi? Nilikuwa narudi kutoka kuwatunza wazee, sijavua hata sare ya kazi, nawe unanivutia kiti. "Kaa hapo, mdogo wangu. Leo wewe ndiye mnyonge." Unanipa mfalme na askari wachache waliokwamana na askari wa adui, hawaendi mbele wala nyuma. Mashine unaipa jeshi kubwa zaidi. Kazi yangu ilikuwa kumsogeza mfalme huku na huku nyuma ya ule ukuta.

"Angalia hiyo namba," ulikuwa ukisema. Namba pembeni mwa skrini ilidai mashine inashinda kwa mbali. "Inajiamini. Lakini njia ya kuingia haipo. Tuone itagundua lini."

Haikugundua. Ilizungukazunguka pale pale, namba ile ile, nawe ukacheka mpaka kikohozi kikakushika, ukainama, ukashindwa kuinuka. Tulidhani ni mafua. Kikohozi hicho ndicho kilichotupeleka hospitali ya Westmead, na huko wakatuambia ni saratani ya mapafu, na kwamba ugonjwa umeshasambaa.

Siku daktari aliposema dawa zinaweza kuendelea ila hazitakuponya, Mama aliendelea kunyoosha shuka lako kana kwamba hakusikia. Akasema atafunga na kuomba, na dawa ziendelee. Ukamshika mkono.

"Mama, nimechoka. Nataka kulala nyumbani."

"Utalala ukipona."

"Nataka kulala nyumbani, Mama."

Nilikusihi mimi pia. Ulinisikiliza mpaka mwisho, kisha ukaniuliza kama nimekuja na viatu vyako.

Nyumbani ulipata nguvu kidogo. Uliegemea mito, ukaandaa jaribio lako kubwa kuliko yote: toleo jipya la programu dhidi ya la zamani, yakianzia kwenye ile michezo yote uliyoikusanya kwa miaka, pamoja na ule ukuta wetu. Ulibonyeza, feni ya kompyuta ikaanza kuvuma. "Itachukua muda mrefu," ulisema. "Acheni ijichezee." Hukuuona mwisho wake.

Siku tuliyokuzika nyumba ilijaa. Kwaya iliimba sebuleni, na kila walipopumzika tuliisikia feni nyuma ya mlango wako. Mjomba akainuka akaizime. Mama akamtangulia mlangoni.

"Muiache. Iko inafanya kazi ya mtoto wangu."

Mjomba akarudi kukaa. Mama hakulia siku ile, Kaka. Hakulia makaburini wala tuliporudi. Watu wakasifu imani yake. Mimi nilimwona baadaye, kila asubuhi, akija humu na ungo wake, akichambua maharage kando ya meza yako. Haangalii skrini. Anasikiliza tu. Mara moja alifungua dirisha kwa sababu chumba kilikuwa na joto, akasema, "Itachoka."

Juzi nilikuwa naosha vyombo, nikamwona amesimama mlangoni.

"Imenyamaza."

Nikaja kutazama. Hapakuharibika kitu. "Imemaliza, Mama. Michezo yote imekwisha."

"Na imeshinda?"

Nilitafuta ule ukuta wetu. Toleo la zamani lilikuwa bado linadai ushindi. Toleo jipya liliutazama, likaandika sifuri: sare, njia hakuna. Nikamwambia, "Ule mtego aliokuwa anaitega nao, safari hii imeujua."

Mama akakaa kitandani kwako. Akauliza, "Kwa hiyo kazi yake imekwisha?" Nikasema ndiyo. Hapo ndipo alipolia, Kaka. Alilia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, hata kule kambini, tukiwa wakimbizi, tulipompoteza Baba. Nilimkumbatia, tukakaa hivyo mpaka jua likahama ukutani.

Matokeo nimewatumia wenzako wanaotengeneza ile programu. Mmoja amejibu kwamba hawakujua hata kuwa ulikuwa unaumwa. Anasema watatumia michezo yako kupima kila toleo litakalokuja. Nilimsomea Mama, akaniomba nirudie.

Nakukosa kuliko ninavyoweza kuandika. Jumamosi sijui nifanye nini nayo. Nafika kutoka kazini, navua viatu, nasimama kwenye korido, sisikii mtu akiniita nikakae.

Mama ananiita nikale. Nimechungulia mezani. Ameweka sahani mbili. Wiki zote hizi alikuwa akiweka tatu.

Pumzika, Kaka. Kwaheri.

Mdogo wako