Mvua ya Marashi Uani Kwetu

Wingwi, Pemba

Kwa kaka yangu mpenzi Hudhaifa,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Mie mzima, namshukuru Mola, na Mama naye hajambo isipokuwa yale magoti yake, ambayo ukimuuliza atakwambia hayamuumi. Wewe je, u mzima? Nakuuliza kwa dhati, Kaka, si kuuliza kwa mazoea, na ukiendelea kusoma utajua kwa nini. Hapa karafuu zimeiva, kila uwanja una majamvi, na harufu yake imeingia mpaka kwenye mito ya kulalia.

Utashangaa kupata karatasi badala ya sauti yangu kwenye simu. Simu yangu Mama ndiye anayeishika, kila unachonitumia anakisikiliza kabla yangu, na haya ya leo sitaki ayasikie. Ndiyo maana barua hii nimempa mwenzako Haroub, maana likizo yake imekwisha na anarudi huko huko Muskati.

Basi ni hiyo mashine yako ya hewa. Siku ulipoisimamisha uani, kwenye bomba pale karibu na tangi, ulitwambia inapima upepo, joto na mvua, na kwamba yenyewe, bila ya mtu kuigusa, inapeleka vipimo kwenye mtandao, ulimwengu mzima uone. Mie niliringa, sikufichi. Wingwi nzima hakuna mwenye nayo, na jirani yetu Bi Mwanawema alikuwa haaniki karafuu zake mpaka aniulize simu inasemaje.

Halafu ukanitumia ule ujumbe wako wa hasira. Ukasema wenye mtandao wamekuandikia kwamba mashine yetu inatoa mvua kila Ijumaa na kaskazini kote Pemba ni kukavu, na ikiendelea hivyo wataacha kuonyesha vipimo vyake. Ukaniuliza ni mtoto gani ninayemwacha aichezee. Wallahi, Kaka, niliumia. Nyumba hii ina mtoto gani? Tumo mie na Mama tu.

Nikatoka uani nikatazama juu. Jua linachoma, hata wingu la kusingizia hapana. Nikasema labda kunguru. Bi Mwanawema akasema labda umande, mumewe akasema bomba lile limechomekwa mahali penye wenyewe, majini, na wenyewe hawapendi kuchokozwa. Nilimcheka, lakini jioni nilipokwenda kuanua nguo nilipita mbali na lile bomba. Bi Mwanawema naye Ijumaa moja simu ilimwambia mvua imeanza, akakimbia na binti zake wakakusanya karafuu zote wakazifunika, kumbe jua kali. Tangu siku hiyo ananisalimia kwa mbali, kama mtu anayenidai kitu.

Uliniagiza nifungue kile kikombe cha mvua nikisafishe, nikafungua. Sikuona jani wala mavi ya ndege. Lakini kile kijiko cha ndani kinachopinduka maji yakijaa kilikuwa kimegeuka manjano. Nikatia kidole, nikanusa. Marashi! Kaka, nilikaa chini pale pale kwenye mchanga. Mvua gani hii inayonyesha kwenye kikombe kimoja tu, na inanukia kama bibi harusi? Nikafikiri labda plastiki ikizeeka ndivyo inavyokuwa. Nikafikiri sihiri. Nikafikiri labda mie ndiye niliyeharibika. Nikamuuliza Mama, akanijibu niangalie wali wangu unaungua. Na wali haukuwa ukiungua.

Ijumaa mie huenda sokoni Konde, unajua. Hii iliyopita nilifika njiani nikakumbuka nimesahau kikapu, nikarudi. Nikaingia kwa mlango wa uani. Mama yuko juu ya ndoo iliyofudikizwa, mkono mmoja kashika bomba, mwingine una kikombe cha chai, anamimina kidogo kidogo ndani ya mashine yako huku midomo inasoma. Na magoti yale! Nilitaka kupiga ukelele nikaogopa atashituka aanguke.

Aliposhuka hata haya hakuona. Akaniambia hilo ni kombe, Shehe Hija anamwandikia aya kwa zafarani kwenye sahani, naye anaziyeyusha kwa maji na marashi. Nikamuuliza kombe hulinywa mgonjwa, mashine italinywaje? Akanitazama kama mie ndiye mjinga. Akasema Hudhaifa mwenyewe kamwambia, siku ile ile ya kuichomeka, kwamba kila kinachoingia kwenye kikombe hiki kinamfikia yeye huko aliko saa ile ile.

Na ulisema hivyo, Kaka. Nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu, na mie pia nikaona umesema sawa.

Nikamuuliza basi kombe la nini, na mwanawe ni mzima? Hapo ndipo alipolia. Akaniambia Haroub, siku aliyokuja kutusalimu, alimnong'oneza kwamba ulilazwa hospitali, kwamba ni figo, na kwamba ulimuapisha asitwambie. Mama naye akanificha mie nisije nikahangaika. Nikaenda kwa Haroub mbio, buibui halikukaa sawa, nikamuuliza kweli au si kweli. Akatazama chini, akasema nikuulize mwenyewe. Jibu gani hilo? Nimerudi nyumbani sijui hata nilipita njia ipi.

Nilipoingia, Mama akaniuliza neno moja tu, kama imefika. Nikafungua simu nikamuonyesha kile kistari cha buluu cha mvua, na saa yake, na jina la Wingwi juu yake. Nikamwambia imefika, Mama. Akasema Alhamdulillahi, akajinyoosha kitandani akalala mchana ule usingizi ambao sijamuona nao muda mrefu. Sasa niambie, nimemdanganya? Najua huko inakwenda tarakimu tu. Lakini tarakimu si imefika? Akili yangu imekorogeka, Kaka, sijui nikamate lipi.

Ulisema nikifunge kikombe kwa mfuko mpaka utakaporudi. Sijakifunga, na nisamehe kwa hilo. Bi Mwanawema nimemtahadharisha asiiamini simu siku ya Ijumaa, na nilipomweleza sababu aliingia ndani kwake akanitolea chupa ya marashi. Sasa ananisalimia kama zamani.

Usitufiche tena. Kama unaumwa, sema unaumwa. Kama umepona, sema umepona. Hapa kila mmoja anamhurumia mwenzake kwa kumnyamazia, na mie nimechoka kuhurumiwa hivyo.

Mama anakusalimu sana bila ya kujua kwamba naandika, maana kukusalimu kwake hakuna wakati maalumu. Majirani wote wanakusalimu. Mola akupe afya na akurudishe kwetu kwa miguu yako.

Ni mimi mdogo wako,
Nadhira

Nimesahau. Haroub atakufikia kabla ya Ijumaa. Siku hiyo ifungue simu yako, utaona mvua Wingwi. Mama simruhusu tena kupanda ndoo, nitamimina mie. Ukiiona tu, mpigie Mama umwambie kwa ulimi wako kwamba imefika.