Safari ya Supavaiza Kwenda Kuzikwa Kola

Kwako Baba, mfugaji wa kwanza wa buibui Mumbuni nzima,

Leo nimecheka peke yangu jikoni mpaka jirani akagonga ukuta. Nilimwona buibui mdogo nyuma ya sufuria, nikajikuta namwamkia kama ulivyokuwa ukimwamkia yule wetu: "Supavaiza, umelala aje?" Nikaona heri nikuandikie, ingawa uliko hakuna posta inayofika.

Unakumbuka nilivyomleta? Ilikuwa likizo ya Agosti, nami bado msichana wa shule ya msingi. Nilikuwa nimekwenda Kola kwa susu, mama yako. Nilikwenda bila wewe kwa sababu ulikuwa umeacha kukanyaga kwenu. Kiwanda cha Athi River kilikuwa kimepunguza wafanyakazi, nawe ukawemo, ukaapa kwamba susu hatajua kitu mpaka upate kazi nyingine. Mama alinionya mlangoni, "Ukiulizwa baba yako, sema ako kazi." Nilipoulizwa nikasema hivyo. Susu akaitikia tu, akaendelea kuchambua maharagwe yake.

Siku ya mwisho ya likizo, susu akirekebisha tuta lililobomoka, jembe lake lilimfukua buibui wa udongo, wale wanene wenye manyoya. Huyu alikuwa bado kichanga, hazidi punje ya mbaazi. Susu aliinua mguu amponde. Nilimwahi kwa kopo tupu la majani ya chai, nikamleta nyumbani na udongo wake.

Nilijua utanigombeza. Miezi hiyo ulikuwa unashinda kwenye kile kiti cha karibu na mlango, redio imezimwa, ukiulizwa jambo unaguna. Lakini ulichungulia ndani ya kopo ukakaa wima.

"Huyu ni mtoto kabisa, Mwende. Nani atamlisha?"

Kabla sijajibu ulikuwa tayari unatafuta msumari wa kutoboa kifuniko. Mama alisimama mbali, leso ameishika mdomoni. "Hiyo kitu ikitoroka, mimi narudi kwetu. Nyumba nitawaachia nyinyi watatu."

Mungu wangu, hatukujua chochote! Tulimmwagilia maji kama sukumawiki, udongo ukawa tope, maskini akapanda ukuta wa kopo akakataa kushuka. Tukabadilisha udongo. Kisha ukamtilia mende mzima mzima, mende akamkimbiza yeye. Ulipiga kelele hadi mama akaja na ufagio, "Shika mende! Mwende, shika mende!" Tangu siku hiyo ulikuwa unakata paja la panzi, unalisogeza mlangoni pa kishimo alichochimba kwa njiti ya kiberiti, na tukirudi baadaye tunakuta limebaki ganda. Furaha uliyokuwa nayo siku ya kwanza alipokula! Ulimwita Supavaiza, kwa sababu, ulisema, anakaa ofisini siku nzima na sisi ndio tunahangaika.

Basi kila kukicha tukawa nyasini mimi na wewe, suruali umekunja, tunawinda nyenje wadogo. Mtu mzima na ndevu zake. Majirani walimuuliza mama kama uko sawa. "Wacheni tu," aliwajibu, "huyo ameandikwa kazi na buibui." Alisema kwa mzaha, lakini nilimwona akigeuka kuficha tabasamu. Nyumba yetu ilikuwa imeanza kuwa na mazungumzo tena.

Halafu Supavaiza akakataa chakula. Aliziba mlango wa shimo lake kwa utando, paja la panzi likakauka nje.

"Amegoma," ulisema. "Sasa anataka nini, aongezewe mshahara?"

Nilicheka, wewe hukucheka. Siku zile uliinua kifuniko mara nyingi kuliko ulivyokula. Kisha asubuhi ya Jumanne ukaniita kwa sauti ya chini. Utando ulikuwa umepasuka, Supavaiza yuko chali, miguu ameielekeza juu, hatikisiki. Ulipuliza pumzi kidogo. Hakuna kitu. Nililia kwa sauti, nawe ulinishika bega.

Mama aliingia, akatazama. "Haya, pole. Tupa kwa choo, Mwende achelewe shule bure?"

"Hatupwi," ulisema. "Huyu ni mtu wa Kola. Mtu wa Kola hawezi kuzikwa kwa ploti ya kukodisha."

Mama alikugeukia. "Buibui utampeleka kwenu. Na wewe mwenyewe kwenu umekimbia."

Nilidhani mtagombana. Ukaingia chumbani, ukatoka na koti lako la kanisani na viatu umevipangusa. Ukafunika kopo, ukaniambia nikalete sweta. Mama ndiye aliyekimbia kwa mwalimu kuniombea ruhusa, na sijui alimwambia msiba ni wa nani.

Njia nzima garini ulikuwa umelishika kopo magotini kwa mikono miwili. Tulipoiacha barabara na kushika njia ya kwenda bomani kwa susu, hatua zako zikapungua. Ulisimama kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa. Mimi nilidhani unamlilia Supavaiza.

Susu alikuwa anaanika mahindi. Alituona, akaona koti.

"Nani amekufa?"

"Hakuna mtu, mwaitu," ulimjibu mama yako. "Ni..." Ukamwonyesha kopo.

"Leo ni Jumanne," susu alisema. "Jumanne wewe huwa kazini."

Baba, nilikuwa nimesimama karibu yako. Ungeweza kusema umepewa likizo. Nami ningekuunga mkono, nilishazoea.

"Kazi iliisha, mwaitu. Ni kitambo. Nilikuwa naona haya kukuambia."

Susu alipangusa mikono kwenye leso polepole. "Nilijua," alisema. "Mtoto akitumwa kudanganya, anaangalia chini. Lete hiyo kopo nione."

Ulifunua. Ndani mlikuwa na buibui wawili! Mmoja mkavu, mwepesi, mgongo umepasuka. Wa pili amesimama kando yake kwa miguu yake yote, mweupe-mweupe, laini, mkubwa kuliko jana. Ulipogusa ukingo wa kopo kwa kidole akarudi nyuma kwa madaha.

Susu aliinama akachungulia, kisha akashika kiuno akacheka mpaka kuku wakatawanyika. "Ai, mwana wakwa! Mmefunga safari kutoka Mumbuni kuja kuzika nguo! Si amevua tu nguo iliyombana!"

Ukacheka. Baba, ulicheka mpaka ukakaa chini kwenye mahindi na koti lako la kanisani, machozi yakatiririka, na sikuweza kujua yapi yalikuwa ya kicheko. Susu akakusukuma kwa mguu. "Amka ule. Kazi ndiyo iliisha, tumbo halikuisha." Akakupakulia muthokoi, yale mahindi yake ya kukoboa, nawe ukala kama mtu aliyetoka hospitali.

Jioni ile ulilimaliza lile tuta. Wiki iliyofuata tukarudi, na nyingine tena, hadi tukahamia kabisa. Watu husema ulikuwa mkulima hodari tangu ujana. Mimi nawaacha waseme.

Nimekukumbuka sana, Baba, na nakupenda, na sikukuambia mara za kutosha. Na kuna jambo lingine. Ofisi yetu hapa Nairobi imefungwa. Kwenye simu namwambia mama niko kazini, yeye anaitikia tu, kisha ananiuliza kama nimekula.

Kesho ni Alhamisi, siku ya kazi. Nitapanda gari la kwanza kwenda Kola, na mama akitokea mlangoni kunilaki, nitamwambia kabla hajaniuliza.

Mimi binti yako, mwindaji mwenzako wa nyenje,
Mwende