Theluji Si Sanda, Mama Zuhura

Shoga yangu Mama Zuhura,

Amani iwe juu yako huko uliko, na Mola akupanulie kaburi. Huku Ujiji tumechoka. Watu wenu wa Burundi bado wanashushwa na meli kutoka Kagunga, magodoro kichwani. Mimi magoti yananisumbua, hata genge la chumvi nafungua jua limeshapanda.

Habari kubwa ni ya binti yako uliyeniachia. Mjomba wake kapata nchi ya kumpokea mkimbizi, nchi ya baridi, na Zuhura yumo kwenye orodha yake. Akagoma. "Siendi, mama mdogo." Nikadhani anaogopa baridi. Kumbe kaoneshwa picha ya theluji: mapaa, miti, barabara, vyote vyeupe. Akaniambia, "Ile nchi imevikwa sanda."

Shoga, ndiye aliyenishikia kitambaa siku tunakuosha.

Nikamfuata mwalimu wa sayansi wa Bangwe, yule aliyehamishiwa huku kutoka Mbeya. Akanicheka, "Mama, umeamua kurudi shule?" Lakini alinieleza vizuri. Theluji yenyewe haina weupe. Ni vipande vidogo vya barafu, kila kimoja kinapitisha mwanga kama kioo. Ila ni vingi mno. Mwanga ukiingia unagonga huku, unarushwa kule, mwisho rangi zake zote, zile za upinde wa mvua, zinarudi zimechanganyika. Jicho likizipokea pamoja linaona nyeupe.

Nikachukua chumvi ya mawe ya Uvinza. Nikampa Zuhura punje moja kubwa aitazame dirishani. "Naona hadi nje," akasema. Nikamwambia atwange. Ikawa nyeupe pe.

"Haya, nani kaipaka rangi?"

Akacheka, kicheko chako kile cha puani. Halafu akauliza, "Na theluji ikiyeyuka?"

"Maji tu, mwanangu. Utatawadhia."

Akainama kinuni, akachota chumvi kwa kidole. "Ego," akasema, ile ndiyo ya kwenu. "Nitakwenda."

Kaondoka Jumanne. Nilirudi nikakaa kitandani kwake na viatu vyangu miguuni. Hofu nimemtoa mwenyewe, kwa mikono yangu, na sasa nikitoa salamu mlangoni hakuna wa kuitika. Namshukuru Mungu. Lakini nimechoka, shoga, nimechoka hasa.

Pumzika. Ijumaa nitakuja kupalilia kaburi na kukusomea, na kila Ijumaa maadamu miguu inanibeba. Zuhura usimngoje.

Mwenzio,
Mama Hadija