Ushahidi Ulioutoa Juu ya Mvua ya Mawe

Mpendwa masenge, shangazi yangu,

Hilo neno la kwanza ni mazoea ya barua tu. Shuleni tulifundishwa kuanza hivyo, nami sijui kuanza vingine. Usilipokee kama dalili kwamba moyo wangu umetulia.

Unakumbuka siku niliyoanza ukarani katika Mahakama ya Mwanzo hapa Kibondo. Ulinisindikiza tangu Kasanda, na tulipofika mlangoni ukainama kunifuta vumbi viatuni kwa upindo wa kitenge chako, hakimu anatazama, mimi naona haya. Ukamwambia, "Mzee, huyu ni mtoto wa kaka yangu, lakini mama yake ni mimi." Hakimu akacheka. Mimi nilijisikia nimevishwa taji.

Usichojua, kwa kuwa ulikuwa umekwisha kutuacha, ni kwamba mwaka huu wa watu kuhamishiwa vijijini hata karatasi nazo zimehama. Lile jengo la zamani la baraza la mtwale, yule chifu mdogo wa enzi zile, limefanywa ghala la kijiji, na majalada yake yakaletwa kwetu ndani ya magunia ya maharage. Nikaagizwa niyapange na kuandika orodha, kila shauri mstari mmoja: nani alimshitaki nani, kwa jambo gani, likaishaje.

Niliipenda kazi ile, masenge. Kulikuwa na bwana mmoja aliyelalamika kwamba jirani yake anahamisha minyaa ya mpaka hatua moja kila masika, na baada ya masika sita jirani amefika jikoni kwake. Kulikuwa na mke aliyetakiwa arudi kwa mumewe, akawajibu wazee kwamba atarudi siku mumewe atakapolijua jembe linashikwa upande gani. Nilicheka peke yangu mpaka tarishi akawa anachungulia. Nikatamani ungekuwepo nikusimulie, maana nusu ya watu wale ungewajua kwa majina na kwa vituko.

Ndipo nikafungua jalada lenye jina la baba.

Kabla sijasema nilichokisoma, nikukumbushe hadithi yetu. Kila tulipokaa kupura maharage, nilikuomba unisimulie mvua ya mawe. Ulikuwa unateremsha nguo begani, unanishika kidole na kukiweka juu ya kovu. "Hapa ndipo jiwe lilipopasua, mwana wanje, mwanangu wee. Migomba yote ilianguka. Nikakulalia, nikasema, linipige mimi." Niliisikia mara nyingi mno hata nikawa naikumbuka mwenyewe: kishindo cha mawe, harufu ya majani yaliyochanika, uzito wako juu yangu. Shuleni nilipoonewa, niliikumbuka. Siku baba mkwe aliponisema, niliikumbuka. Mtu mwingine ana mama, mimi nilikuwa na mvua ya mawe.

Na kila nilipouliza habari za mama mwenyewe, jibu lako lilikuwa lile lile. "Alirudi kwao Kitahana. Hakugeuka nyuma." Sikumuuliza mtu mwingine. Nilimchukia kwa utiifu, kama nilivyokuwa nikifanya kila ulilonituma.

Jalada lina kurasa tano. Mdai ni mama yangu. Baba alikuwa amekwenda Tanga kukata mkonge, manamba kama wenzake, na habari zake zilikuwa zimekatika. Mama alirudi kwao, ukoo wetu ukanizuia. Wazee wa baraza wakasema wanafuata desturi yao: mtoto asiyetimiza masika matano hatolewi mgongoni kwa mama yake, na akishatimiza ni wa ukoo wa baba. Kwa hiyo shauri zima likasimama juu ya umri wangu, na umri siku zile haukuandikwa popote. Ulihesabiwa kwa matukio.

Karani wa wakati ule alikuwa na mwandiko mzuri. Nanakili maneno ya mama kama alivyoyaandika: "Mvua ya mawe ilinikuta na mimba ya mtoto huyu. Wifi yangu alinilalia mgombani, jiwe likampasua bega. Muulizeni. Ndiye shahidi wangu."

Hakumwita mama yake mzazi, wala kaka zake. Alikuita wewe, masenge, kwa sababu wewe peke yako ulikuwepo, na kwa sababu alikuamini.

Ukasimama ukasema: "Niliyemlalia ni mtoto. Alikuwa ameanza kutembea." Kwa hesabu hiyo nilikuwa nimekwisha kuvuka masika matano.

Mzee mmoja akataka kuona bega. Karani ameandika, "Kovu lipo." Mwingine akasema mtoto aliyeletwa mbele yao anaonekana mdogo kwa umri huo. Ukajibu, "Mbegu yetu haina haraka." Nilipofika hapo nililifunika jalada kwa mikono yote miwili. Ndicho ulichowaambia walimu nilipokuwa mfupi kuliko darasa zima. Ndicho ulichowaambia wakwe zangu waliponiona nimekonda na sijapevuka. Kumbe sikuwa mfupi. Nilikuwa na miaka miwili pungufu, na ulinioza nayo hivyo hivyo, ili maneno yako ya barazani yasije yakaanguka.

Chini kuna hukumu, mtoto ni wa ukoo wa baba, na alama ya dole gumba lako, wino wa zambarau. Halafu kurasa mbili za mwisho, mistari mifupi. Mdai amekuja tena, ameambiwa shauri limekwisha. Mdai amekuja tena, amerudishwa. Kutoka Kitahana kwa miguu. Huyo ndiye mwanamke ambaye hakugeuka nyuma.

Nisikufiche, nimekasirika. Najua hukujaliwa mtoto, najua ulivyosemwa kisimani. Ningekuelewa. Ungeniita hata siku moja, nikiwa mtu mzima na watoto wangu, ukaniambia, mwana wanje, nilikosa. Uliugua miezi mitatu, mimi nikikuosha na kukulisha uji, na bega lile nililipaka mafuta ya mawese kila asubuhi. Ulikuwa unanitazama tu. Ulikuwa na nafasi kila asubuhi.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba siwezi kusema hukunipenda. Ulinipenda sana. Sasa sijui niyapeleke wapi mapenzi hayo, maana kila nikiyagusa nakuta mama yangu amesimama barazani anakuonyesha kwa kidole akiwaambia wazee wamuulize wifi yake. Binti yangu mkubwa ana jina lako. Wiki hizi mbili namwita "wewe mtoto", na ameanza kuniuliza amekosa nini.

Juzi nilipanda lori nikaenda Kitahana. Nilimkuta mama katika kijiji kipya, anachambua mbegu za mahindi mbele ya nyumba ambayo udongo wake bado mbichi. Nikamwambia mimi ni mtoto wa nani. Hakupiga kelele. Alinishika masikio yote mawili akanigeuza huku na huku, kama anatafuta kitu alichokiweka alama. Kisha akauliza, "Wifi yangu hajambo?"

"Alifariki mwaka jana."

Akakaa chini kwenye vumbi, miguu ameinyoosha, akaanza kulia. Nilikuwa nimekuja na hasira yangu tuigawane, yeye akanipa msiba. Nikamwambia nimesoma jalada, najua ulichomfanyia. Akajifuta kwa kiganja.

"Alinilalia," alisema. "Na hilo umelisoma?"

"Nimelisoma."

"Basi. Bila yeye tungekufa wote wawili siku ile. Hayo mengine alinifanyia, na mimi ndiye nitakayemuuliza. Nipeleke alipolazwa."

Kaburi lako liko Kasanda kwenye boma la zamani, na tangu watu wahame majani yamelifunika. Mimi sijafika kulifyeka, na ukoo unanong'ona. Jumamosi nitampeleka. Nitambebea panga mpaka kwenye minyaa ya boma, nimkabidhi, nimwonyeshe ni upande gani. Yeye ataingia, atakufyekea, atakuuliza anayotaka kukuuliza. Mimi nitasimama njiani kumsubiri. Usitazamie miguu yangu hapo kaburini. Lala, masenge, siwezi kukuandikia zaidi ya hapo.

Ni mimi,
mtoto wa wifi yako.