Chati ya Miezi Kumi na Miwili

Townsville,
9 Oktoba

Mpendwa dada Lorna,

Natumaini barua hii itakukuta goti lako lina nafuu, na kwamba shemeji Merv ameacha kupanda juu ya paa kusafisha mifereji kana kwamba ana miaka ishirini. Mimi ni mzima wa mwili, ingawa joto limeanza mapema mwaka huu. Keki ya matunda ilifika imebondeka upande mmoja. Niliimaliza peke yangu, na ninakushukuru.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza kwa upole wako, nami ningepata pa kujificha. Jumanne ijayo kamati ya afya inakaa kuamua kama wodi ya wazazi ya hapo Mundarra ifunguliwe tena, na mimi ndiye nitakayesimama mbele yao. Kabla ya siku hiyo kuna jambo mnalopaswa kulijua, wewe na mwanao Kirra, maana ni mtoto wake aliyezaliwa garini Februari, upande wenu wa daraja lililofunikwa na maji, akafa kabla helikopta haijafika.

Mwaka juzi ofisini kwetu, idara ya afya, tuliletewa mwendesha semina, Garth, mcheshi mwenye soksi za njano. Alitujazisha maswali sitini kisha akatugawa kwa rangi za tabia. Wekundu, alisema, huamua upesi, hivyo wape chati moja yenye mstari mmoja. Wa Njano wanataka picha na kisa cha mtu. Wa Kijani hawapendi chati ya kuleta ugomvi. Wa Bluu wanataka kila tarakimu, na wasipoangaliwa watamlaza kila mtu usingizi. Mimi nilitoka Bluu tupu.

Kila mmoja alipewa kadi ya rangi yake aisimamishe mezani, na tangu siku hiyo nikawa kichekesho. Nikifungua mdomo tu, mtu anapaza sauti: "Fupisha, Bluu! Wenzako tuna watoto wa kuwafuata shuleni!" Nilicheka pamoja nao, lakini iliniuma. Wewe unajua nilivyo. Mama alikuwa akiandika mvua ya kila asubuhi kwenye kalenda ya jikoni, nami nikaichorea mistari kwa penseli, nawe ukaniita karani wa mawingu.

Miezi miwili baadaye nikapewa kazi ya kutayarisha wasilisho kuhusu mpango wa kuifunga wodi ya Mundarra. Swali lilikuwa moja: mama mjamzito atachukua muda gani kufika hospitali kubwa? Nilichora chati ya miezi kumi na miwili. Mistari ya miezi tisa ilikuwa mifupi, saa moja na dakika kumi. Ya Januari, Februari na Machi ilisimama juu kuliko yote, kwa sababu ya siku ambazo daraja limezama na hakuna anayepita.

Bosi wangu, Philippa, aliitazama akapumua. Aliniambia mwenyekiti wa kamati ni Mwekundu aliyekoza, na nikimpelekea mistari kumi na miwili atafunga kabrasha aende zake kunywa chai. Akanitaka nitafute wastani wa mwaka. Nikautafuta: saa moja na nusu. Nikauandika kwa tarakimu kubwa, na pembeni nikaweka picha ya gari. Mwenyekiti alisema hajawahi kuelewa jambo upesi namna ile, na wenzangu walinipigia makofi. Philippa akasema kwa mzaha kwamba leo Bluu amepona. Wodi ikafungwa mwaka uliofuata.

Sasa nifike pale ninapopaogopa. Kwenye mazishi ulinishika mkono ukaniuliza ni nani huko mjini aliyewaambia wakubwa kwamba barabara yetu ni ya saa moja na nusu. Nilikujibu kwamba sijui. Nilijua, dada. Ni mimi. Wala usimlaumu Philippa, kwa sababu yeye aliniagiza chati ya miezi niiweke nyuma, kwenye kiambatisho, ili anayetaka aione. Niliifuta mwenyewe. Hakuna aliyeniamuru. Niliogopa kurasa zangu zisije zikachekwa tena, nilitaka siku moja tu nisiwe mtu wa kuchosha. Nimelelewa ukingoni mwa mto ule, nikaandika kana kwamba sijawahi kuuona umejaa.

Jumanne nitawaonyesha miezi yote kumi na miwili, nami nitawaeleza kwa nini hawakuonyeshwa mara ya kwanza. Huenda nikapoteza kazi. Kalenda za Mama nimezibeba kwenye mkoba, kwa sababu yeye hakuwahi kutafuta wastani wa mvua; kila siku aliipa mvua yake.

Juu ya Februari nimeweka nukta moja nyeusi. Sikuiandikia jina. Kirra akitaka jina la mwanawe Tilly liwepo, nitaliandika kwa mkono wangu. Akitaka nukta iondolewe, nitaiondoa. Na akisema hataki kuniona tena, sitambishia.

Nisalimie Merv. Kirra mpe salamu zangu endapo atazipokea, na usimlazimishe.

Ni mimi mdogo wako, niliyekudanganya makaburini,

Alwyn