Nauli ya Kamyo

Jumapili, 8 Septemba 2002

Leo baada ya misa tulikaa mkekani sote wanne: mimi, mume wangu Evariste, mama yake, na mtoto wetu Keza. Kazi moja tu — kupunguza matumizi ya nyumba. Nyama imeondoka kwanza, hakuna aliyeitetea. Halafu mkate. Halafu mafuta kwenye sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo. Mchele anaoleta Evariste ni wa kuuza, hatuli tena hata makombo, tutakula bugali ya muhogo. Moto wa asubuhi nao basi. Makala, mkaa wetu, tutawasha mara moja tu, mchana, na chai italala kwenye termosi mpaka kesho yake.

Keza alianza kulia. Ndipo Evariste akasema kila mtu achague kitu kimoja, kidogo, ambacho hakuna wa kukigusa. La sivyo, akasema, hii haitakuwa nyumba tena, itakuwa gereza.

Mama mkwe hakungoja. "Minye nimezika batoto batano. Sukari yangu muniachie." Vijiko viwili kila asubuhi. Nani atabisha?

Keza alitaka andazi la Jumamosi, lile la jirani yetu Mama Ayoubu. Evariste akataka betri za redio. Mimi nikasema: pasi.

Wakacheka! Mwalimu wa darasa la tatu, serikali haijui hata jina langu, naishi kwa kile wazazi wa wanafunzi wanachochanga — lakini lazima kikwembe changu cha kujifunga kazini kinyooke. Sawa, wacheke. Makala yatakayobaki baada ya bugali yataingia kwenye pasi. Watoto wananitazama siku nzima. Wakiniona nimekunjamana, wataamini kwamba mambo yamekwisha.

Bado haikutosha. Mimi ndiye niliyeona jingine. Evariste anakwenda Luberizi, kwenye uwanda wa mpunga, kununua mchele, anarudi juu ya kamyo, lori la dereva Frédéric, na baiskeli yake juu ya magunia. Nikamwambia: unailipia nauli baiskeli ibebwe, badala ya yenyewe kukubeba?

Alinitazama. "Iko sawa," akasema.

Tumefuta nauli ya kamyo. Ndicho kitu kikubwa kuliko vyote tulivyokata leo. Najisikia mwerevu.


Alhamisi, 12 Septemba 2002

Amerudi kwa baiskeli. Siku mbili njiani! Anasema kwenye kamyo askari wa bariere, vile vizuizi vya barabarani, hula kwa wote pamoja, kila mtu anaumia kidogo. Ukiwa peke yako wanakula kwako peke yako. Kila bariere kopo la mchele. Hata hivyo tumebakiwa na kitu. Nimemkanda magoti kwa maji ya moto ya mwisho wa sufuria.

Nilipiga pasi. Direkteri wa shule, Marcellin, alinikuta mlangoni mwa darasa: "Madame Florentine, kwako kila siku iko Pasaka." Nilicheka njia nzima kurudi Kimanga, mtaani kwetu. Mjinga mimi, lakini nilicheka.

Mama mkwe anakoroga chai yake muda mrefu sana. Kijiko akikitoa anakilamba pande zote mbili, halafu anatazama kama kuna aliyemwona. Najifanya sioni.


Jumanne, 24 Septemba 2002

Safari ya nne. Mguu wa kushoto umevimba. Hakulalamika — aliuweka tu juu ya kigoda akasikiliza redio, betri zimetoka kuanikwa juani ziongeze nguvu. Wanasema wanajeshi wa kigeni wataondoka. Kila mtu mtaani anauliza: wakiondoka, nani ataingia?

Nimeongeza pesa kwenye kikopo cha maziwa. Ni ya kuvuka ziwa, siku ikibidi.


Jumamosi, 5 Oktoba 2002

Wameondoka kweli. Tangu asubuhi magari yao yanapita, askari wamekaa juu ya magodoro. Watu wamesimama kando ya barabara. Hakuna aliyepunga mkono, hakuna aliyezomea.

Mama Ayoubu amefunga nusu ya duka. Keza alipata andazi lake. Alilikata vipande, akala kidogo kidogo mpaka jioni.


Jumatatu, 7 Oktoba 2002

Evariste amekwenda. Anasema kule Luberizi watu wanauza mchele kwa bei ya kutupa kwa sababu ya hofu. Safari hii moja, halafu atapumzika mpaka tuone.

Niandike yote, kwa kuwa hapa hakuna wa kunisoma. Nilikuwa napiga pasi. Yeye alikuwa ameshatoa baiskeli nje, akarudi, akasimama mlangoni.

"Kurudi, nipande kamyo?"

Aliuliza vile Keza anavyouliza. Nikajibu bila kuinua macho. "Tulikubaliana, Baba Keza. Tukianza kuvunja leo, kesho tutavunja yote."

"Iko sawa."

Akaenda. Mkunjo wa kikwembe ulikuwa umekataa kunyooka, nikarudia mara tatu.


Alhamisi, 10 Oktoba 2002

Hajafika. Siku mbili za njia, weka siku moja ya kununua, weka nusu siku ya mguu. Angekuwa hapa.

Milio ya risasi tangu alfajiri, upande wa uwanda. Shuleni walikuja watoto tisa. Nikawafundisha kutoa kwa kukopa. Mmoja aliuliza: ukikopa kwa jirani na jirani hana? Nikasema unaenda kwa jirani anayefuata. Wakaridhika.


Ijumaa, 11 Oktoba 2002

Frédéric ameonekana! Kamyo lake liko nyuma ya soko, kioo kimoja hakuna. Nilikimbia bila viatu.

Alitoka Luberizi juzi Jumatano, akafika siku ileile, leo ndiyo mara ya kwanza anatoka nje. Abiria wote wazima. Hata kuku. Nikamuuliza habari za Evariste. Akasema ndiyo, alimpita kwenye barabara, mbele kidogo ya Mutarule. Alikuwa anasukuma, hapandi, gunia zima nyuma.

"Hukusimama?"

"Nilipunguza mwendo. Alinipungia tu mkono nipite. Nikajua leo pia hana nauli."

Hakusema kwa ubaya. Ni mtu mwema, angempakia hata kwa deni kama Evariste angefungua mdomo. Lakini Evariste hakufungua mdomo. Mimi ndiye niliyemfunga.

Nyuma yake hakuna gari jingine lililopita. Njia imekatika.


Jumapili, 13 Oktoba 2002

Hakuna misa. Watu wa mlimani, wale wapiganaji, wameingia mjini. Tulilala chini sakafuni kutoka asubuhi mpaka saa tisa — Keza katikati. Halafu kimya. Halafu nyimbo barabarani.


Jumatatu, 14 Oktoba 2002

Shule imefungwa. Hakuna soko. Mama mkwe aliniuliza, akiwa ananipa mgongo anachambua mboga: "Kwa nini mwanangu hakupanda kamyo?"

Nikasema lilikuwa limejaa.


Jumanne, 15 Oktoba 2002

Pasi nimeibadilisha kwa muhogo, kwa mwanamke wa mtaa wa juu. Alitaka kuona kama inashika moto vizuri. Nikamwonyesha. Imenifaa miaka kumi na moja. Sikuhisi kitu.

Mama Ayoubu alikuja. Tuliongea uani kwa sauti ndogo. Mdogo wake, Kitenge, ana mtumbwi wa mota, anawavusha watu kwenda Burundi. Mama Ayoubu anasema askari waliokimbia mji Jumapili watarudi, na wakirudi watapiga kabla ya kuuliza. "Mama Keza, usingoje kuona. Chukua mutoto, chukua bibi, Ijumaa asubuhi mupande." Nikauliza, na Evariste? Akashika mkono wangu. Akasema kwamba Mungu anajua. Najua maana ya neno hilo likisemwa hivyo.


Jumatano, 16 Oktoba 2002

Leo nimeiona baiskeli.

Nilikuwa nachota maji. Ikapita mbele yangu. Ni ile, siwezi kukosea: kiti cha nyuma Evariste alikitengeneza kwa chuma cha kitanda chetu cha kwanza, na rangi ya kijani bado iko. Aliyeipanda ni mmoja wa wale wa mlimani, mtu mzima, rika la Evariste, ndala miguuni, bunduki mgongoni.

Niliacha ndoo. Nilimfuata mpaka aliposimama kununua sigara. Nikamsalimia. Nikamwambia kwa adabu, baiskeli hii naijua.

"Mwenyewe alinipa."

"Wapi, baba?"

"Ku Mutarule." Akanipima kwa macho. "Unaitaka? Leta pesa. Minye sipendi kuendesha."

Nikauliza mwenyewe yuko wapi sasa. Akawasha sigara.

Nilirudi nikamwambia mama mkwe yote. Baiskeli. Frédéric. Na lile la mlangoni, nilipokuwa na pasi mkononi. Nilipiga magoti, maana sikujua nikae vipi. Nilingoja anitukane, hata anipige.

Aligonga ukuta kwa kidole. Halafu: "Minye nilisikia. Ukuta ni matope, Mama Keza. Nilikuwa nakunywa chai yangu, nikasikia anauliza, nikasikia weye unakataa. Nilinyamaza. Sukari yangu ilitoka mu kile kikopo, na nauli yake pia ingetoka mule."

Keza alikuwa pale. Nilikuwa nimemsahau.


Alhamisi, 17 Oktoba 2002

Tumegombana siku nzima. Mama mkwe anataka tununue baiskeli. Mimi nasema pesa iliyopo ni ya kuvuka, haitoshi kwa yote mawili.

"Asiponunuliwa baiskeli yake, tumeshamzika," akasema.

Nikamjibu vibaya. Nikamwambia chuma si mtu. Nikamwambia nina mtoto mmoja tu na sitambadilisha kwa magurudumu mawili. Aliinuka akaenda kukaa nje, juani, bila kitambaa kichwani.

Nimemuuliza Keza anataka nini. Kasema hajui. Halafu akasema: "Mama, baba alikuwa anaumwa mguu." Najua, nikasema. Najua, najua!

Nimefunga nguo kwenye shuka. Tutakwenda kesho, sote watatu. Bibi atakubali asubuhi. Hana mahali pengine.


Ijumaa, 18 Oktoba 2002

Asubuhi. Mkeka wa mama mkwe mtupu. Kikopo nacho kitupu. Sikuhitaji kukifungua mara mbili.

Keza tayari alikuwa na furushi kichwani. Tulisimama mlangoni kama watu waliosahau kwao. Mtumbwi unaondoka saa mbili. Nilitaka kulia, nikashindwa kwa hasira.

Halafu tukamwona. Anakuja katikati ya barabara, anasukuma baiskeli. Hajui kuipanda, hajawahi. Inampeleka kushoto, anaivuta kulia. Watu wanampisha.

Aliiegemeza ukutani. Anahema. "Nilimsalimia Kirundi. Kumbe anakisikia. Nikamwita mwanangu. Nikamuuliza mara moja tu: mwenye hii, ulimwacha namna gani?"

Nilishika mlango.

"Amesema chini ya Mutarule, kwenye mufereji wa mupunga. Mguu umefungwa na shati. Aliomba maji, akamupa. Halafu akachukua baiskeli." Akaniangalia usoni. "Alikuwa amekaa, Mama Keza. Hakulala. Alikuwa amekaa."

"Siku gani?"

"Siku hajui."

Inaweza kuwa siku tatu. Inaweza kuwa siku tisa! Nikamwambia hivyo. Nikamwambia njiani bado wanapigana, nikamwambia hata vijana wenye nguvu hawapiti. Yeye ameingia ndani, ametoka na bidoni ya maji, anaifunga nyuma kwa mpira.

"Mpaka Mutarule, Mama? Kwa miguu hiyo?"

"Niko na baiskeli," akasema. Hakuwa anatania. Mtu wa kurudi naye atahitaji pa kukalia.

Mama Ayoubu anaita toka barabarani. Kitenge amesema tupande hata bila pesa, tutalipa tukishafika ng'ambo, ila sasa, sasa hivi, hawezi kungoja. Nimemwinulia mkono. Sijui ulikuwa na maana gani, mkono ule.

Naandika nimesimama, kaye, daftari langu, juu ya dirisha. Sijui kwa nini naandika. Labda kwa kuwa ninapoandika sijachagua.

Mama mkwe ameshatoka. Amefika kwenye nyumba ya tatu, ya nne. Baiskeli inamvuta kushoto. Hatazami nyuma. Mota ya Kitenge imewaka, naisikia mpaka hapa.

Nimemwambia Keza: nenda weye na Mama Ayoubu, kimbia. Ametua furushi chini. Anafungua fundo. Ametoa muhogo wa kuchemsha, anaugawa juu ya jani, taratibu, anapima kwa macho mafungu yalingane. Matatu.

Hapana. Manne.