Mlima Hautafunguliwa Msimu Huu

Nyumbani,
Nyuma ya josho,
Jumapili, tarehe 14, mwezi wa tisa.

Mpendwa shemeji yangu,

Salamu zangu zikufikie ukiwa mzima, wewe, mkeo na wale mapacha. Kifua chako kimepoa? Ulisema baridi ya huko inakuingia hadi kwenye mbavu. Vaa ile sweta ya kijani, hata kama wanao wanasema inakufanya ufanane na kabichi. Sisi huku tu wazima. Mama yako anakula vizuri na kugombana vizuri, kwa hiyo usiwe na shaka naye.

Mimi nipo. Nalala, naamka. Asubuhi bado nakung'uta buti za kaka yako kabla ya kufagia, maana nge hajui kwamba mwenye buti hayupo. Watu wameniambia nizigawe. Nitazigawa, ila si mwezi huu.

Barua yako niliipokea dukani kwa mwuza dawa za mifugo. Nakujibu kwa karatasi kwa sababu simu yangu inashika nikiwa nimepanda ukuta wa josho tu, na jambo hili halisemeki mtu akiwa amening'inia ukutani. Umeniomba niwaambie kamati ya malisho wafungue mlima, ili mitamba wako ambao bado hawajazaa wapande kule wasikonde. Umesema kaka yako ndiye aliyeufunga, basi ndugu yake ana haki ya kuomba ufunguliwe.

Jibu ni hapana, shemeji. Nimeona nilitangulize, usije ukasoma barua nzima ukitafuta ndiyo. Sasa nikueleze ilivyokuwa.

Mvua ya mwaka huu ilikuja kama mgeni aliyepita kuuliza njia. Ilinyesha, ikashukuru, ikaondoka. Malisho ya bondeni yaliota mafupi na yakaisha mapema. Unajua ardhi hii si ya mtu, ni ya umma. Sisi tunalisha kwa kibali, na serikali imeiachia kamati ipange nani alishe wapi na lini. Mlima kaka yako aliusimamia ufungwe msimu wa juzi, ulipokuwa umebaki na nyasi za kuokoteza kama ndevu za kijana. Alitaka upumzike mpaka nyasi zijipande zenyewe. Ukisimama uani kwetu sasa unauona umevaa rangi ya dhahabu toka juu hadi chini. Wenye njaa wakiutazama, wanaona ghala ambalo mtu amekaa na ufunguo.

Ila kilicholeta joto si mlima. Ni kile kipande cha kwenye kona ya mto.

Kule, kama unakumbuka, wanyama huruhusiwa kunywa maji na kuondoka. Kaka yako alikuwa na njia yake ya kuwaondoa bila fimbo. Mawe ya chumvi aliyaweka mbali kabisa, kwenye mgongo wa kile kilima kikavu, kwa sababu ng'ombe akishakata kiu akili yake inakwenda kwenye chumvi. Basi anatembea mwenyewe, anakula njiani, na ukingo wa mto unasalimika na kwato. Alikuwa anayasukuma mawe hayo kwa toroli lenye gurudumu linalolia. Akirudi jioni alikuwa akisema mboga ikikosa chumvi nimsuuze yeye mle sufuriani.

Alipofariki, wachungaji wote walitaka kuja kumzika. Hakuna aliyekubali kuachwa nyuma na mifugo. Wakashauriana wao kwa wao, wakaona mahali pazuri pa kuacha makundi ni pale penye maji na kivuli, yaani kwenye kona ya mto. Tena wakafikiria zaidi. Wakaenda kilimani, wakayabeba mawe ya chumvi, wakayapanga kando ya maji ili wanyama wasitawanyike. Kisha wakaja, wakamzika mtu aliyewakataza jambo hilohilo, na wakakaa nasi siku zote za msiba bila haraka, maana mifugo ilikuwa imetulia.

Ilitulia kweli. Waliporudi walikuta ukingo umeporomoka, matete yametafunwa hadi kwenye tope, na tope limeingia kwenye pampu ya maji ya kunywa. Fundi wa pampu alikuwa akilitoa kwa ndoo huku akisema, "Marehemu angeamka leo, angetufukuza wote tuliomlilia."

Mimi sikuwalaumu. Ulikuwa upendo, ila upendo wenye kwato.

Kamati ikakutana kwenye kile chumba cha josho. Bado kinanuka dawa ya kupe, na benchi la dirishani bado linachana nguo za watu. Mimi nilipewa kiti cha kaka yako. Mwenyekiti siku hizi ni yule mama mwuza maziwa, mwenye sauti ndogo na macho makubwa. Aliuliza nani atozwe faini kwa uharibifu wa mto.

"Waliokuwa msibani," mtu mmoja akajibu.

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa msibani."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Nadhani ndiyo mara ya kwanza tangu siku ile. Faini ikafa hapo hapo. Lakini kona ya mto ikafungwa pamoja na nyasi zinazoizunguka ili ipone, na kwa kuwa kipande hicho kimetoka, bonde likawa dogo zaidi kwa mifugo ileile. Hapo ndipo jirani yetu tunayemwita Spika, kwa ajili ya sauti yake, aliposimama akataka mlima ufunguliwe.

"Nyasi haziwekwi benki," alisema. "Zikikauka zinachukuliwa na upepo. Mama mwenyekiti, mlima hauliwi kwa macho!"

Wengi waliitikia. Nami niliwaambia wazi kwamba wewe pia umeandika kuomba hivyo, sikuificha barua yako. Spika alinipigia makofi kabla sijamaliza.

Mwenyekiti hakubishana naye. Alisema twende tukaone, basi tukapanda na yule afisa malisho, binti mmoja mpole anayekuja kwa pikipiki na kofia iliyopauka. Ukiwa chini unaona mlima umejaa. Ukifika na kuinama unaona kingine. Shina moja limesimama hapa, jingine pale, na katikati udongo uko wazi, mgumu kama sahani. Zile mbegu zilizokufanya uone dhahabu bado zilikuwa kwenye masuke, hazijadondoka. Spika mwenyewe alishika fungu moja akalivuta kidogo tu, likamfuata mkononi na mizizi yake kama jino la utotoni. Akalitazama, kisha akajaribu kulirudisha kwenye shimo lake na kulishindilia kwa buti. Hakuna aliyemcheka.

Afisa alisema mifugo ikipanda sasa itakula vizuri kwa mwezi hivi, itakula na mbegu, na mvua kubwa ya kwanza itaushusha udongo wote mtoni. Baada ya hapo tutakuwa na mlima usio na kitu juu ya mto usio na ukingo.

"Kwa hiyo tufe njaa tukiutunza?" Spika akauliza, na lilikuwa swali la haki.

Shemeji, sikuwa nimepanga kusema. Unanijua, mimi shule yangu ilikuwa fupi na mikutano inanikausha mdomo. Nilisema tu kwamba nyasi hatuwezi kuziongeza kwa kuzigombania, lakini midomo inayozila tunaweza kuipunguza. Kila boma litoe sehemu ya mifugo iuzwe sasa, kabla haijakonda, na itakayobaki ishirikiane bonde mpaka mvua irudi.

Nilikuwa nimesahau desturi ya kamati. Pale mwenye kutoa wazo ndiye hulitangulia. Waliiweka kanuni hiyo zamani, walipochoka na watu wanaowabebesha wenzao mizigo.

"Haya mama," Spika akasema, "tangulia tukuone mgongo."

Nikasema boma letu litaanza. Kisha Spika akavua kofia akasema, "Basi na mimi. Ila yule beberu wangu mweupe msimguse, huyo ni kama mtoto wangu."

"Ndiyo maana anakula kuliko wote na hasalimii watu," mwenyekiti akamwambia. Wakakubali mmoja mmoja, wengine wakinuna, mpaka kamati nzima.

Sasa nimefika kwenye lililo gumu kuliandika. Boma letu lina wanyama wangu na wako. Kaka yako alikuwa akisema ng'ombe huuzwa akiwa bado anatazamika; akishakonda, mnunuzi anakuja kumsikitikia tu. Wanaotazamika leo ni mitamba wako. Wamenawiri kwa sababu kaka yako alikuwa anawapa wao kwanza kila kizuri, akisema ni akiba ya ndugu yake, siku atakapochoka na kazi za huko atarudi akute zizi linalomsubiri. Najua ndivyo unavyolala ukiwaza. Najua pia ulivyokuwa unawaita kwa rangi zao kwenye simu, mmoja mmoja, kama mtu anayeita wanawe kula.

Wa kwangu ni wale wa maziwa na yule dume. Maziwa ndiyo sabuni na unga wa nyumba hii, na ndiyo anayokunywa mama kabla ya kulala.

Lori la mnunuzi linakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Sijamwambia mtu ni wanyama gani watapanda, kwa sababu wale si wangu kuwatoa. Nimetoa neno la boma, sikutoa mali yako. Ukikubali mitamba waende, mwambie mwuza dawa, simu yake inashika vizuri, naye atanifikishia. Kila shilingi itakuja kwako. Ukikataa, sitanuna wala sitakuuliza sababu. Nitawapandisha wa kwangu, dume na wote wa maziwa, na mama nitamtafutia maziwa kwa jirani. Ukinyamaza nitajua umekataa, na nitafanya hivyohivyo.

Kwa vyovyote mlima utabaki umefungwa. Ruhusa ya mlima siwezi kuiomba, kwa ajili yako wala ya mwingine. Ninachokuuliza ni nani kati ya hawa abaki hapa akikusubiri.

Nisalimie mkeo, na umwambie kitambaa alichotuma kimenitosha mimi na mto wa kitanda cha mama. Wasalimie mapacha, na yule mzee wa ghorofani anayekusomea magazeti. Mama anasema uache kutuma picha ukiwa umesimama kando ya magari ya watu. Fundi wa pampu, mwenyekiti na hata Spika wanakusalimu.

Mungu akulinde njiani na kazini, akutulizie kifua, na neno lolote utakalonijibu alitie amani.

Ni mimi nikupendaye siku zote,
Shemeji yako.